Kukata Kanda za Mfarishi

Mfarishi ni nguo ya kujifunika iliyoshonwa kwa viraka vingi. Katika uwanda wa juu wa Dodoma, usiku wa Juni na Julai huwa na baridi, na mwenye mfarishi hulala vizuri. Viraka hupatikana katika mabaki ya mafundi cherehani. Lakini kanda za kuvigawanya viraka na za kuzungushia pindo ni ndefu, nazo hukatwa katika nguo nzima iliyonunuliwa kwa fedha. Basi yafaa kupima kabla ya kushika mkasi.

Zamani misafara iliyotoka pwani ilipita Ugogo, na watemi walitoza hongo ya nguo, kama marekani na kaniki. Stanley alipopita mwaka 1871 alilipa hivyo. Nguo zilipimwa kwa mkono, tangu kiwiko hata ncha ya kidole cha kati: mikono minne ni shuka, minane ni doti. Nadhani hakuna mtemi aliyependa kupimiwa na mtu mwenye mkono mfupi! Sisi twapima kwa sentimita.

Tuseme mfarishi una urefu wa sentimita 200 na upana wa 150. Mzunguko wake ni 700. Ongeza 30 kwa ajili ya pembe na kufungia, zitakuwa 730. Nguo yenye upana wa sentimita 110, ikikatwa toka ukingo hata ukingo, yataka kanda saba, yaani 770. Viungo sita hula sentimita mbili mbili. Zabaki 758, nazo zatosha. Mimi nilipokuwa mwanafunzi nilikata kanda sita. Nikarudi dukani, kumbe nguo ile imekwisha. Upande mmoja wa mfarishi wangu ukapata pindo la kaniki hata leo.

Tena tazama nyuzi. Za mtande hufuata urefu wa nguo, za mshindio hukatiza upana wake. Ukanda uliofuata uzi hulala sawasawa. Uliokwenda upande kidogo hunyumbuka, na ukishonwa hufanya mawimbi. Marekani waweza kuitia mkasi ukingoni, kisha kuichana kwa mikono, nayo itafuata uzi wenyewe. Lakini michoro ya kanga usiiamini, kwa kuwa hupigwa chapa baada ya kufumwa, na pengine huenda mshazari. Vuta uzi mmoja hata utoke, ukate katika njia yake.

Hata hivyo, kunyumbuka huko pengine twakutaka. Mfarishi wa mtoto wenye pembe za mviringo hauwezi kupindwa kwa ukanda ulionyoka, maana utakunjamana. Hapo hukatwa hanamu: kunja pembe ya nguo hata ukingo wa mtande ulalie uzi wa mshindio, na mkunjo utakaopatikana ndio mstari wa kukata. Ukanda huo huzunguka pembe kwa utii. Usiuvute unaposhona, wala usiusugue kwa pasi, ubonyeze tu.