Ushindi Hupimwa kwa Watu

Mto Ngerengere ukishuka kutoka Uluguru wakati wa masika hunguruma sana; lakini mwenye kutaka kuvuka haulizi ngurumo, huuliza kina. Ushindi wa uchaguzi nao yafaa upimwe hivyo. Mwaka 2010 Ndugu Jakaya Kikwete alichaguliwa Rais kwa asilimia karibu 63. Mwaka 2015 Hayati John Magufuli kwa asilimia 58. Je, ushindi ulipungua? Kwa asilimia, ndiyo. Kwa watu, la! Kikwete alipata kura milioni 5.3, Magufuli milioni 8.9. Mwaka 2010 zaidi ya nusu ya walioandikishwa hawakupiga kura. Mwaka 2015 theluthi mbili walipiga. Asilimia haiwataji waliobaki nyumbani. Chama kinachojivunia ushindi hakina budi kuwahesabu hao kwanza.