KIBAO HAKIJAFA: KALAMU YA KUCHOREA NA TARAKILISHI

Mwaka huu Chama cha Kiswahili kimenipa kazi ya kueleza kifaa ambacho wengi wenu mmekiona katika maabara ya tarakilishi mkakipita tu: kile kibao cheusi, chembamba, chenye kalamu isiyo na wino. Wengine hukiita "tableti". Mimi jina hilo siliungi mkono. Tableti, au kishikwambi kwa Kiswahili chetu, ni kama vile vilivyoletwa na serikali katika shule za msingi kuanzia 2016, vyenye kioo kinachoonyesha picha. Hiki chetu hakionyeshi kitu. Ni mfano wa ubao wa chuoni, ila ukiandika hapa maandishi yanatokea kule, kwenye kiwambo. Kwa hivyo nitakiita kibao cha kuchorea, na anayetaka kubishana anitafute kwenye mkutano wa Ijumaa.

Mbona tujali? Sisi pamoja na wenzetu wa Jiografia tunachora ramani ya njia za kuja shuleni wakati wa maji. Si mnakumbuka mafuriko ya mwishoni mwa 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024? Barabara ya Lamu ilikatwa na maji huko Gamba, na wenzetu wa ng'ambo ya mto wakawa hawajui wapite wapi. Ramani ya dukani huionyesha Garsen kama nukta moja na mto Tana kama uzi wa buluu. Haionyeshi njia ya ng'ombe, kivuko cha mtumbwi, wala pale ambapo maji yanakufika kiunoni. Hayo wanayajua wavuvi, wafugaji na wazee wetu. Isitoshe, mto wenyewe hautulii. Ziwa Shakababo, kule karibu na Ngao, ni kipande cha mto wa zamani kilichoachwa nyuma Tana ilipojitafutia njia nyingine.

Sasa, ramani ya karatasi ukiifuta mara tatu inatoboka. Kwenye tarakilishi unachora mto katika tabaka moja, njia katika tabaka la pili, na maji ya mafuriko katika tabaka la tatu. Mto ukihama, unafuta tabaka lake peke yake na mengine yanabaki salama. Lakini kwa kipanya kazi hiyo ni mateso. Jaribu kuzichora kona za Tana kati ya Garsen na Kipini kwa kipanya uone. Utadhani mto una ngazi. Hapo ndipo kalamu inapohitajika. Shuleni petu kibao ni kimoja, na kilikuwa kimefungiwa stoo, eti kimekufa.

Kabla ya kusema kimekufa ni vyema kujua kinavyoishi. Chini ya ile plastiki mna wavu wa nyaya nyembamba, nazo hutoa uga hafifu wa sumaku na umeme. Ndani ya kalamu mna koili ndogo. Koili hupokea nguvu kutoka kwa ule uga na kujibu, kisha kibao hupima ni nyaya zipi zilizolisikia jibu kwa nguvu zaidi, ndipo kikajua kalamu iko wapi. Ndiyo sababu kalamu nyingi za aina hii hazina betri (baadhi zinayo, angalia yako), na ndiyo sababu kidole hakifanyi lolote. Kalamu huonekana hata ikiwa juu kidogo ya kibao bila kukigusa. Ukikandamiza ncha, jibu la koili hubadilika, na mstari ukanenepa au ukakonda kulingana na mkono wako. Vibao vingi vya siku hizi huugawa mkandamizo huo katika viwango 8,192. Wazo lenyewe ni la zamani: shirika la RAND la Marekani lilikuwa na kibao chake mwaka 1964, na kampuni ya Wacom ya Japani, iliyoanzishwa 1983, ndiyo iliyoisambaza sana kalamu isiyo na waya wala betri.

Kuna jambo moja linalowasumbua wote wanaoanza. Kipanya ukikinyanyua na kukiweka kwingine, kishale hakihami. Kibao sivyo. Kila nukta ya kibao ina nukta yake kwenye kiwambo. Kona ya juu kushoto ni kona ya juu kushoto, basi. Usiburute kalamu kama unayepiga deki. Halafu macho yaangalie kiwambo wakati mkono uko mezani. Siku mbili tatu za kwanza utajiona kama mtoto wa chekechea. Andika jina lako, unganisha nukta kwa mistari, chora mayai mengi. Mkono huzoea.

Haya, tuje kwenye ugonjwa. Taa ya kibao isipowaka kabisa, shaka ya kwanza ni waya. Taa ikiwaka lakini kishale hakisogei, bado shaka iko kwenye waya, maana kuna nyaya za USB zilizotengenezwa kuchajia simu tu: umeme unapita, habari haipiti. Chukua waya uliokuja na kibao, kisha uuchomeke moja kwa moja kwenye tarakilishi.

Waya ukiwa mzima, tazama draiva. Simaanishi yule wa matatu ya Malindi. Draiva ni programu inayoitafsiria tarakilishi lugha ya kibao. Kibao chetu kilikuwa na watafsiri wawili, mmoja wa kibao cha zamani ambacho hakipo tena, na mwingine wake mwenyewe, nao walikuwa wakigombana. Dawa ni kuziondoa draiva zote mbili, kuzima tarakilishi na kuiwasha tena, kisha kuweka ile moja iliyo sahihi kutoka kwa mwenye kutengeneza kibao. Hilo la kuzima na kuwasha watu huliruka, na ndilo lenye kazi.

Ugonjwa unaotia watu wazimu ni huu: kishale kinasogea, mstari unachoreka, lakini ukikandamiza hauongezeki unene. Hapo watu husema kalamu imeharibika. Usiseme mpaka upime. Fungua ukurasa wa majaribio uliomo ndani ya draiva yenyewe na ukandamize. Kipimo kikipanda, kalamu ni nzima na tatizo liko kwenye programu ya kuchorea. Sisi tunatumia Krita, ambayo ni ya bure. Katika mipangilio yake, sehemu ya kibao, utaulizwa uchague kati ya WinTab na Windows Ink. Badilisha, funga programu, fungua tena. Kipimo kisipopanda hata kwenye draiva, basi chomoa ncha uitazame. Vumbi letu la Garsen halina adabu. Punje moja ya mchanga yatosha kuikwamisha, na wakati mwingine kalamu hujichorea yenyewe hata ukiwa umeinyanyua.

Mstari ukitetemeka kama wa mtu mwenye homa ya malaria, sogeza simu na chaja mbali. Kisha nyanyua kibao utazame kimelalia nini. Meza ya chuma huuvuruga ule uga niliousema. Tulihamia meza ya mbao iliyo karibu na dirisha, na mtetemo ukaisha siku hiyo hiyo. Pia jaribu kuchomoa chaja ya tarakilishi kwa muda, maana chaja duni huleta mtetemo vilevile.

Limebaki la mayai, na kwetu hili ndilo lenye uzito. Unachora duara, linatokea yai lililosimama. Sababu ni kwamba kibao kina umbo la 16 kwa 10, lakini kile kiwambo cha zamani ni cha 4 kwa 3, hivyo upana unabanwa. Anayechora uso wa mtu ataona tu kwamba sura imekonda. Lakini sisi huweka juu ya kibao karatasi aliyochora mzee kwa mkono wake, tukaifuata mistari yake kwa kalamu (karatasi nyembamba haizuii kitu), na macho yako kwenye karatasi. Bila kurekebisha uwiano, njia ya kilomita 6 kuelekea mashariki hutokea kama ya 5. Kwa mtoto atakayeipita ndani ya maji, kilomita hiyo si mchezo. Ingia kwenye draiva, tafuta sehemu inayolinganisha kibao na kiwambo, uiambie itunze uwiano. Ukanda mmoja wa kibao pembeni utaacha kufanya kazi. Uache; ni gharama ndogo. Halafu chora duara lingine ulipime kwa rula kwenye kiwambo kabla ya kugusa ramani.

Ncha huisha kama penseli. Ikichongoka upande mmoja itakwaruza kibao, kwa hivyo ibadilishe mapema. Za akiba ziko kwenye kikopo katika kabati la chama, nazo zimebaki tatu. Hifadhi kazi kila mara pia, maana stima hapa haipigi hodi inapoondoka.

Hadi tunapokwenda mitamboni, kipande cha ramani kutoka Idsowe kuteremka hadi Kipini bado ni cheupe. Anayetoka huko na anavijua vivuko aje maabara Jumatano baada ya michezo. Si lazima ajue kuchora. Ataonyesha kwa kidole kwenye kiwambo, nami nitashika kalamu.