Kontroboksi Haijui Kama Iko Tongoni

Kila feni ya rejeta ilipojiwasha, injini ilianguka hadi mizunguko 700, ikaruka hadi 1,500, ikaanguka tena. Feni ikizima, inatulia kama haijafanya kitu. Tulikuwa chini ya mwembe, Tongoni, kilomita kama 17 kusini mwa Tanga mjini kwa barabara ya Pangani, na mwenye gari alikuwa ameshaanza kunitazama kwa lile jicho ambalo kila fundi analijua. Siku mbili nzima nilikuwa nimekaa kiti cha abiria na laptopu mapajani, nabadilisha tarakimu.

"Mgosi," akaniambia mwishowe, "hivyo vijinamba ndivyo vyenye matatizo kweli?"

Havikuwa na matatizo. Ilikuwa ethi.

Vijana wengi wananiuliza habari za kontroboksi za kununua, hizi ambazo mwenyewe unaziandikia hesabu za mafuta na za cheche, na karibu wote swali lao ni moja: ipi bora? Jibu langu huwaudhi. Kontroboksi yoyote ya maana itaendesha injini yako. Kazi iko kwenye nyaya, na kwenye kujua gari litaishi wapi.

Gari la Tongoni lenyewe ni Corolla KE70, mwenyewe kijana aliyeachiwa na baba yake, ya kabureta, mashine imechoka hadi inanuka oili. Kijana akabahatika kupata injini ya 4A-GE ya valvu 20, ile ya kizazi cha mwisho yenye kava jeusi, iliyotolewa kwenye Carina GT iliyogongwa. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 1,587, mgandamizo 11 kwa 1, nguvu za farasi 165 kwa hesabu ya Kijapani zikifika kwenye mizunguko 7,800. Na kila silinda ina mlango wake wa hewa, minne imejipanga safu moja. Ukiinua boneti unaielewa tamaa ya kijana.

Ila kwenye Carina injini hii inalala kukingama na kuvuta magurudumu ya mbele. KE70 inasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo injini lazima ikae kwa urefu. Ukiigeuza, distribyuta iliyo mwisho wa silinda hedi inagota kwenye ukuta wa bodi. Ama upige nyundo ukuta, ama uing'oe distribyuta. Tukaing'oa. Lakini kontroboksi ya Toyota bila distribyuta ni kipofu, maana humo ndimo inamopata habari kwamba krenki imefika wapi. Hapo ndipo kontroboksi ya kununua inapoacha kuwa mbwembwe ikawa mahitaji.

Tulichukua Speeduino, iliyobuniwa Australia juu ya bodi ndogo ya Arduino Mega. Michoro yake iko wazi, anayeweza kulehemu anaitengeneza mwenyewe. Kaka yake mkubwa ni MegaSquirt, kazi ya Wamarekani wawili, Bruce Bowling na Al Grippo, tangu 2001. Mwenye fedha atanunua Haltech ya Australia au Link ya New Zealand, ije imeshafungwa vizuri na soketi zake. Si aibu kununua. Aibu ni kununua kisha kuunga waya kwa kusokota na tepu.

Badala ya distribyuta tuliweka kwenye puli ya krenki gurudumu la meno 36, jino moja limekatwa. Kila jino ni digrii 10. Sensa inahesabu meno yanavyopita, na ule mwanya wa jino lililokosekana ndio unaoiambia kontroboksi mahali pa kuanzia hesabu. Koili mbili zinatosha: moja ya silinda 1 na 4, nyingine ya 2 na 3, kila moja inachoma plagi mbili kwa pamoja, cheche moja inafanya kazi, nyingine inapotelea kwenye moshi. Kwa mizunguko 7,800 kwa dakika, krenki inapita digrii moja kwa sehemu 21 za milioni ya sekunde. Kwa kasi hiyo hakuna nafasi ya sensa inayolegalega.

Kwa hiyo kabla ya kugusa jedwali lolote, niliiamuru kontroboksi ishikilie cheche kwenye digrii 10 bila kusogea, nikaelekeza taa ya taiming kwenye puli. Laptopu ikisema 10 na taa ikasema 14, iamini taa. Kisha pandisha mizunguko taratibu hadi 4,000. Alama ikianza kutembea, na sensa yako ni ile ya sumaku ya waya mbili, kuna uwezekano mkubwa nyaya hizo umezigeuza. Nimeona injini ikitobolewa pistoni kwa kosa hilo, na mwenyewe akilaumu petroli.

Jedwali la mafuta lina vyumba 16 kwa 16, yaani 256. Upande mmoja mizunguko, upande wa pili mzigo. Kwa injini ya kawaida mzigo unasomwa kwa mgandamizo wa hewa ndani ya manifoldi. Kwa injini yenye milango minne ya hewa, usomaji huo unarukaruka kama maji ya ndoo juu ya bodaboda, ndiyo maana tukatumia pembe ya mlango wenyewe: kanyagio limefungua asilimia ngapi. Na hapa wengi wanapotea. Wanagawa safu sawasawa, 0, 7, 14, 21, kwa sababu inapendeza machoni. Milango minne ikifunguka robo tu, kwa mizunguko ya chini injini imeshapata karibu hewa yote inayoitaka. Vita vyote viko chini kabisa. Mimi nilipanga 0, 1, 2, 4, 6, 9, kisha nikaanza kuruka.

Turudi kwenye feni sasa. Sensa ya mlango wa hewa inasoma kuanzia nusu volti, mlango ukiwa umefungwa, hadi volti nne na nusu ukiwa wazi. Tofauti hiyo ya volti nne ndiyo asilimia mia. Nikaweka mita kati ya ethi ya sensa na hasi ya betri: sifuri. Feni ikawaka: volti 0.18. Ndogo, sivyo? Ni asilimia 4 na nusu ya mlango. Kwenye jedwali langu hizo ni safu tatu nzima. Kontroboksi ilikuwa inaamini mtu amekanyaga, inamwaga mafuta, injini inazama, valvu ya sailensi inafunguka kuiokoa, injini inaruka. Haikukosea hata kidogo. Ilitii volti ilizoletewa.

Kosa lilikuwa langu. Nilifunga ethi ya sensa na ethi ya feni kwenye bolti moja ya bodi. Feni inavuta ampia 12 hivi, kwa 0.18 hapo kwenye bolti kuna ukinzani wa omu 0.015, kiasi ambacho mita ya kawaida haiwezi hata kukionyesha ukiipima bolti yenyewe kavukavu. Ndiyo maana ethi inapimwa vitu vikiwa vimewashwa. Nikazikusanya ethi zote za sensa zirudi kwa waya wake peke yake hadi kwenye kontroboksi, za nguvu zikaenda kwenye bloku ya injini, na bodi nikaiachia feni na taa. Dakika arobaini za kazi, baada ya siku mbili za kuchezea tarakimu.

Kilichoiharibu bolti ile ni chumvi. Tongo ni mahame, na kijiji kimechukua jina hilo kihalali: nyuma ya nyumba chache tu kuna msikiti wa mawe ya matumbawe uliobomoka na makaburi zaidi ya 40 yanayoliwa na upepo wa bahari kwa karne kadhaa. Huko kwenye mafungu ndiko Wareno wa Vasco da Gama walikoichoma moto meli yao São Rafael mwaka 1499, mabaharia walipopungua. Upepo ule ule unaingia kwenye waya uliosokotwa na kufungwa tepu, na kutu ya kijani inatambaa chini ya plastiki. Nilipasua waya mmoja wa zamani wa KE70, shaba ilikuwa imeoza shibiri nzima kutoka kwenye kiungo. Pwani tumia waya uliopakwa bati, kama wa boti. Bana kwa koleo lake. Funika kwa mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani.

Kurekebisha mwendo tulifanyia barabara ya ndani ya shamba la mkonge, kwa ruhusa ya wenyewe, alfajiri, gia ya pili. Anayeendesha haangalii laptopu, na anayeangalia laptopu haendeshi. Tuliweka sensa pana ya oksijeni kwenye ekzosi, ile ya Bosch, ambayo inakuambia mchanganyiko umekengeuka kwa kiasi gani. Zile za waya mmoja za kiwandani zinajua "umezidi" na "umepungua" tu. Namba 1 maana yake petroli na hewa vimekutana sawasawa, sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya petroli kwa uzito. Kutembea taratibu tuliipa 1. Kukanyaga mwisho, 0.87, petroli izidi kidogo ipoze. Cheche nilizirudisha nyuma kuliko ningependa. Mgandamizo wa 11 uliwekwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, na jua la Februari la Tanga halisamehe. Kusikiliza injini ikigonga, nilifunga kipande cha bomba la shaba kwenye bloku, nikakiunganisha kwa mpira hadi kwenye vizibo vya masikio. Kugonga kunasikika kama kokoto ndani ya kopo. Ukiusikia mlio huo mara moja hutauchanganya na kitu kingine.

Likatoka gari tamu. Mwezi wa saba kijana akalipeleka harusini Lushoto, na baada ya kona za mlimani juu ya Mombo likaanza kukohoa moshi mweusi. Asubuhi halikuwaka mpaka lilipopigwa jua. Hilo la asubuhi ni rahisi kulielewa: jedwali la mafuta ya baridi niliandika Tongoni, ambako sijawahi kuona injini ya nyuzi 10. Sehemu hiyo ya jedwali ilikuwa kubahatisha kwangu tu. La moshi ni zito zaidi. Lushoto iko mita 1,400 juu ya bahari. Mgandamizo wa hewa, ambao Tongoni ni kilopaskali 101, kule ni kama 85. Mlango wa hewa ukifunguka nusu Tongoni, ukifunguka nusu Lushoto, pembe ni ile ile, hewa si ile ile. Ile 0.87 yangu ilikuwa imekwenda karibu na 0.74. Ni ugonjwa wa kabureta za kawaida. Magari ya Coronation Rally, iliyoanza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika na baadaye ikaitwa Safari, yaliubeba ugonjwa huo huo.

Dawa yake ni sensa ya pili ya mgandamizo, isiyounganishwa na injini, inayopumua hewa ya nje tu. Tuliitundika chini ya dashibodi, mbali na joto. Kisha nikaiambia kontroboksi ipunguze mafuta kwa kadiri namba hiyo inavyoshuka.

Safari ya pili kijana alinipigia simu akiwa Lushoto stendi. Nikamwambia awashe laptopu anisomee.

"Themanini na tano na nusu."

Nikamwambia azime, avute plagi moja, aitazame ncha.

"Rangi ya chai ya maziwa, mgosi."

"Irudishe. Usiikaze sana, hedi ni ya aluminiamu."