Daraja Likitikisika, Tatizo Liko Wapi?

Mvua za masika zinapoisha, madaraja ya waenda kwa miguu huhitaji kukaguliwa. Njia mojawapo ni kupima mtikisiko. Mkazi anaweza kuuliza: mbona wahandisi huweka vifaa vya kupimia hata kwenye nguzo za kingoni, ilhali daraja huyumba katikati?

Kinachopimwa ni nini?

Kila daraja lina mwendo wake wa kutikisika. Likiwa imara, hupanda na kushuka haraka. Likilegea, mitikisiko kwa sekunde hupungua. Mtu akitembea kawaida hupiga takriban hatua 2 kwa sekunde. Daraja ambalo mwendo wake unakaribia hatua hizo huweza kuyumba sana watu wengi wakivuka.

Kwa nini nguzo zipimwe?

Meza nzuri ikiwekwa juu ya matope itayumba, lakini kosa si la meza. Daraja nalo ni vivyo hivyo: udongo ulio chini ya nguzo ukilainika au ukichukuliwa na maji, nguzo husogea pamoja na daraja.

Tuchukue mfano. Daraja fulani lilijengwa litikisike mara 5 kwa sekunde. Baada ya mafuriko, kipimo cha katikati kinasoma 3.9. Ukitazama namba hiyo peke yake, utadhani daraja limepoteza takriban asilimia 40 ya ukakamavu wake.

Lakini vifaa vya kingoni vinaonyesha kwamba katika kila sehemu 10 za mwendo wa katikati, sehemu 4 zinatokana na kusogea kwa nguzo. Daraja lenyewe limepinda sehemu 6 tu. Hesabu rahisi ya kurekebisha ni hii: zidisha 3.9 kwa 3.9, gawanya kwa 0.6, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni takriban 5. Daraja ni zima. Kasoro iko kwenye msingi.

Hasara ya kutorekebisha

Bila hesabu hiyo, pesa za umma zingetumika kubadilisha mbao na vyuma vya juu huku mto ukiendelea kula udongo chini ya nguzo. Daraja lingeonekana jipya, na bado watoto wanaolivuka kwenda shuleni wangekuwa hatarini.

Mwananchi unaweza kusaidia vipi?

• Usivuke wakati wa kupima hadi uruhusiwe. Hatua zako huchanganya vipimo.
• Usichote mchanga karibu na nguzo za daraja.
• Ukiona shimo kando ya msingi, ufa kwenye nguzo au daraja lililoinama upande mmoja, mjulishe msimamizi wa wadi mara moja. Usingoje liyumbe.