Kodi ilishuka, ada ikakwama: Fomu iliyobana kampuni za mabomba ya gesi Marekani

Unajua vile matatu hufanya. Mafuta ikipanda leo usiku, kesho asubuhi makanga ashaongeza fare mbao. Mafuta ikishuka, ghafla kila mtu ni bubu. Sasa fikiria mchezo huo ukichezwa na wenye mabomba ya gesi kule Marekani, na wewe huna mat ingine ya kudandia. Serikali yao iliamua kuwauliza maswali, na silaha yake ilikuwa fomu tu.

Kwanza tuwekane kwa rada. Nyumba nyingi majuu haziletewi mtungi na nduthi. Gesi hupita kwa bomba kutoka jimbo moja hadi lingine. Wakati wa joto, nyingine husukumwa chini ya ardhi, kwenye visima vya zamani vilivyoisha au mapango ya chumvi, ingoje baridi. Mwenye bomba na mwenye stoo hulipwa ada ya kusafirisha na kuhifadhi. Kampuni ya gesi ya mtaa ndiyo huilipa, kisha inakutupia kwa bili.

Mara nyingi bomba la kutegemewa ni moja, na ukiwa peke yako sokoni ni rahisi kunyonga wasee. Ndiyo maana sheria ya 1938, Natural Gas Act, inataka ada iwe ya haki na ya kiasi. Refa wa mabomba yanayovuka majimbo ni tume inayoitwa FERC. Huku kwetu kazi ya aina hiyo ni ya EPRA, wale wa bei ya mafuta kila tarehe 14.

Sasa ada hupangwa aje? FERC hucheki gharama za kampuni, inaongeza faida kiasi, halafu inaweka na kodi ya mapato. Ukishaidhinishiwa ada, inakaa hapo hapo hadi mtu aiguse.

Shida ilianzia hapo. Desemba 2017, Rais Donald Trump alisaini sheria iliyoshusha kodi ya makampuni kutoka asilimia 35 hadi 21. Piga hesabu: kampuni ikitaka kubaki na faida ya dola 100, zamani ilihitaji kukusanya karibu dola 154 ndiyo ilipe kodi. Sasa karibu dola 127 zinatosha. Lakini ada bado zilikuwa zinahesabu kodi ya zamani. Hizo dola 27 zinaingia mfuko wa nani?

Julai 2018 FERC ikatoa amri: kampuni za mabomba yanayovuka majimbo zijaze Fomu 501-G, mara moja tu. Fomu hiyo ilichukua hesabu za 2017, ikatoa kodi ya zamani na kuweka mpya, halafu ikaonyesha faida halisi iko wapi. Hesabu zenyewe zilikuwepo tayari, ju kila mwaka kampuni kubwa hujaza Fomu 2, na kila robo mwaka Fomu 3-Q. Kudanganya si rahisi ukiwa ulishaandika mwenyewe.

Pamoja na fomu, kampuni ilichagua njia moja kati ya nne: ishushe ada mara moja, iahidi kuleta kesi ya ada au makubaliano na wateja kabla mwaka uishe, ieleze kwa nini ada haifai kuguswa, au inyamaze tu. Waliokubali kushusha walipewa motisha. Faida ikibaki asilimia 12 au chini, FERC haitawaanzishia uchunguzi kwa miaka 3.

Waliobaki walicheza na moto. Januari 2019, FERC ilifungulia uchunguzi Northern Natural Gas, Panhandle Eastern na Bear Creek Storage, ikisema huenda wanakusanya zaidi ya gharama zao. Northern si kampuni ya mchezo, iko chini ya Berkshire Hathaway ya bilionea Warren Buffett, na bomba lake hufika Minnesota, jimbo lenye Wakenya wengi. Kuchunguzwa si kupatikana na hatia, lakini hakuna mtu alikuwa anaweza kujificha tena.

Kuna noma moja hapo. Kampuni ikiomba kuongeza ada, mzigo wa kuthibitisha ni wake, na FERC inaweza kuagiza irudishe pesa iliyozidi. Lakini FERC ikiwa ndiyo inataka kushusha ada ya zamani, yenyewe ndiyo inathibitisha, na ada mpya inaanza siku ya uamuzi kwenda mbele. Ya nyuma imeenda. Kila mwezi kesi ikivutwa, mlipaji anaumia na kampuni inakula.

Ndiyo maana hiyo fomu ilikuwa kitu serious. Haikushusha bei yenyewe, ila iliweka hesabu mezani mapema, mteja akapata cha kubishania na refa akapata pa kuanzia. Kwa hivyo EPRA wakitangaza bei tena, usiishie kwa ile namba ya pump. Cheki jedwali la kodi na gharama zilizo ndani ya kila lita, ndiyo ujue ukilalamika unalalamikia nani.