Alama za Ndezi Kandokando ya Kijito

Mkulima wa Chiwanda, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, huenda asubuhi kulitazama shamba lake la mpunga au mahindi lililo karibu na kijito, akakuta mabua yamelala chini. Mara husema, "Ni kiboko," au, "Ni nguruwe," kisha huyatia moto matete yote ya ukingoni. Yafaa kwanza azisome alama, maana kila mnyama huacha za kwake.

Mara nyingi aliyeyakata mabua ni ndezi. Huyu ni wa jamii ya wanyama watafunao, kama panya na nungu. Biva wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, akataye miti na kuziba mito, ni wa jamii hiyo hiyo. Lakini ndezi haangushi miti wala hazibi maji. Chakula chake ni majani manene, matete, miwa, mahindi na mpunga. Mchana hujificha ndani ya matete, na usiku hutoka kula. Tena ajua sana kuogelea.

Alama zake ni hizi. Kwanza, bua hukatwa karibu na ardhi, mshazari na safi, kama lililokatwa kwa kisu. Pili, hapo hapo hubaki vipande vifupi vya mabua, mabaki ya chakula chake. Tatu, viko vijia vyembamba vilivyofunikwa na majani, vitokavyo kwenye matete hata shambani. Nne, mavi yake ni punje ndogo zenye mfuo upande mmoja.

Nguruwe huchimbua udongo na kung'oa mizizi. Kiboko hula majani kwa midomo yake mipana, yakabaki mafupi sawasawa. Wayo wake ni mkubwa wenye vidole vinne, na njia yake ina mifuo miwili na tuta katikati. Aionaye njia hiyo asiipite usiku wala alfajiri, wala asisimame kati ya kiboko na maji. Na awaonye upesi wote waendao kuteka maji mahali hapo.

Kuyachoma matete si dawa. Yakichipua, ndezi hurudi kula machipukizi. Bali ukingo uliobaki uchi humomonyolewa na mvua, na mchanga ukajaa katika kijito na majaruba. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa.

Dawa iliyo bora ni kulima mbali na ukingo, na kupalilia kwa jembe ukanda mpana kati ya shamba na matete, kwa kuwa ndezi huogopa kupita mahali peupe. Uzio mfupi wa fito zilizosongamana nao hufaa. Atakaye kumwinda na amwulize kwanza afisa wanyamapori wa wilaya, maana uwindaji wahitaji kibali.

Basi, kabla ya kushika kiberiti, inama ulitazame bua lilivyokatwa.