Maneno 70, Nyaraka 165

Ukiusoma mpango wa wadaiwa katika kesi ya Victor Stanley dhidi ya Creative Pipe, utaona umepangika vizuri. Kampuni hizo mbili za Marekani ziligombania michoro ya fanicha za mitaani, mabenchi na mapipa ya taka, katika mahakama ya shirikisho ya Maryland. Mafaili ya kompyuta yalitakiwa yakabidhiwe kwa mdai. Kabla ya hapo, mawakili wa utetezi walipaswa kuchomoa mawasiliano yote ya siri baina ya wakili na mteja. Ikatungwa orodha ya maneno ya kutafutia yapatayo 70, kompyuta ikapekua, yaliyonaswa yakawekwa kando.

Yakabaki mafaili ambayo kompyuta haiwezi kuyasoma. Hayo yalihitaji macho ya mtu, na muda ulikuwa umebana, mawakili wakaishia kutazama vichwa vya kurasa. Hapo ndipo roho inaponiuma. Barua ya mteja anayemuuliza wakili wake kama watashindwa inaweza kuanza kwa kichwa kisemacho "Bei za Machi", na anayepitisha jicho juu juu hataishuku hata kidogo.

Nyaraka 165 zikapenya. Waliozigundua ni mawakili wa upande wa pili. Katika uamuzi wake wa Mei 2008, Jaji Paul Grimm alitaka kujua: maneno yale 70 yalichaguliwa na nani, mwenye ujuzi gani, na je, kuna aliyechukua sampuli ya mafaili yaliyoachwa akaisoma? Hakupata jibu la kuridhisha. Kinga ya kisheria inayolinda siri ya wakili na mteja ikapotea kwa nyaraka zote.

Inasikitisha zaidi kwamba wadaiwa wenyewe, mwanzoni, walipendekeza makubaliano ya kurudishiwa nyaraka zitakazoponyoka kwa bahati mbaya. Walipoongezewa miezi minne wakayaacha, wakiamini wataweza kupitia kila kitu.

Septemba mwaka huohuo Marekani ilipitisha Kanuni ya 502 ya ushahidi, inayomwezesha jaji kuamuru kwamba kuponyoka kwa waraka hakufuti kinga yake. Ni msaada mkubwa, lakini mpinzani aliyekwisha kuusoma hawezi kuusahau kwa amri. Ningekuwa msimamizi wa kazi hiyo, ningetenga siku nzima kabla ya kukabidhi, wakili anayeijua kesi akae na mafaili mia yaliyopita kwenye chujio, ayasome hadi mstari wa mwisho. Likipatikana moja tu lenye siri, orodha ya maneno inaandikwa upya.